Mwalimu, baiskeli hiyo inamfaa mwanao

Swali: "Fundi, mimi ni mwalimu mstaafu, nina miaka 61, naishi Lushoto. Magoti yananisumbua lakini baiskeli sijaiacha tangu nilipokuwa nafundisha. Mwanangu yuko Hamburg, amepata baiskeli ya mlima ya umeme iliyotumika. Ni ya mwaka 2018, mota ya Bosch, betri ya 500, imetembea kilomita 6,200, na muuzaji anataka yuro 1,400. Fremu imeandikwa L. Ameijaribu mwenyewe, anasema inapanda kama mbuzi. Atakuja nayo kwenye ndege Desemba. Mimi nina urefu wa sentimita 158. Ninunue? Itanishusha Mombo na kunirudisha? Na betri ikifa, huku milimani nitafanyaje?"

Shikamoo Mwalimu.

Nianze na lile litakalomuudhi mwanao: hiyo asilipie. Huenda kweli inapanda kama mbuzi, sibishi. Shida ni ile herufi L. Kwa watengenezaji wengi, fremu ya L imekatwa kwa mtu wa sentimita 178 hivi kwenda juu. Wewe ukikaa juu yake utanyoosha mikono kama anayeanua nguo kamba ya juu, na ukisimama ghafla kwenye kona ya udongo, miguu haitafika chini vizuri. Baiskeli ya kawaida ya kilo 12 ikikulalia utaisukuma pembeni ukajicheka. Hii ina kilo 23 au 24, na itaangukia goti lile lile unaloliuguza. Wewe unahitaji S. Kiti hushuka na usukani husogezwa kidogo, lakini urefu wa fremu haurekebishwi na fundi yeyote, mimi nikiwamo. Mwanao kaijaribu kwa miguu yake mwenyewe, ndiyo maana kaipenda.

La pili ni ndege. Betri ya baiskeli hii ina wati-saa 500. Abiria anaruhusiwa kusafiri na betri ya lithiamu isiyozidi wati-saa 100 bila kuomba. Kati ya 100 na 160 lazima shirika la ndege likubali. Zaidi ya 160 haipandi ndege ya abiria kabisa, iwe kwenye begi la mkononi au kwenye mzigo. Ya kwako inapita kiwango hicho mara tatu. Kuna watu huwa wananiambia "tutaizungushia nguo". Jamani. Betri hizi zikishika moto huendelea kujichochea zenyewe kutoka ndani, na hakuna pa kuegesha ndege angani. Baiskeli isiyo na betri inaweza kuja naye kama mzigo mkubwa. Betri yenyewe ije kwa meli, kwa wakala anayepokea mizigo ya hatari, itangazwe wazi kuwa ni lithiamu, na isijazwe: ikiwa kati ya asilimia 30 na 60 ndiyo inavyopenda kukaa muda mrefu. Mara nyingi inakuwa nafuu kuleta kila kitu pamoja kwenye kontena la kuchangia. Hesabu ya ushuru umwulize wakala wa forodha kabla ya kununua, maana mizigo iliyokwama bandarini huanza kudai kodi ya kulala.

Sasa tuje kwenye swali lako la Mombo, ambalo ndilo zuri kuliko yote. Watu huniuliza "inakwenda kilomita ngapi?" Kwa mtu wa Lushoto kilomita hazisemi kitu. Mlima ndio unaokula betri.

Tufanye hesabu, wewe ni mwalimu hutachoka. Mombo iko mita 400 na kitu juu ya usawa wa bahari, Lushoto karibu mita 1,400. Tofauti ni kama mita 1,000. Tuseme wewe una kilo 65, baiskeli 24, mkoba na maji na kofia ngumu 6. Jumla kilo 95. Kuinua kilo 95 mita 1,000 kunataka wati-saa 259, upande polepole au haraka. Ongeza kama 100 za tairi kusuguana na barabara kwa zile kilomita 33. Tumefika 360 hivi. Miguu yako ikilipa theluthi moja, yaani 120, mota inabaki na 240. Lakini mota nayo hupoteza kiasi njiani kwa joto, kwa hiyo itavuta betri kama 300.

Betri mpya ya 500 basi inakupandisha Mombo hadi Lushoto na kubakiza akiba ya kutosha, kwa sharti kwamba miguu ifanye kazi. Ukiweka kiwango cha juu kabisa cha msaada ukawa unapunga pedali tu, hesabu hiyo inavunjika. Tena wewe unaishi juu. Asubuhi utateremka ukiimba, mlima utakusubiri jioni ukiwa umechoka. Usidhani ule mteremko utakurudishia umeme, kwa sababu mota hizi za kwenye krenki, pale pedali zinapozungukia, hazichaji betri wakati wa kushuka. Kwa safari ya Mombo beba chaja. Ukipata saa mbili kwa jamaa unayemtembelea, umeshapata utulivu wa moyo.

Ya mwaka 2018 je? Betri za aina hii hukadiriwa kuvumilia takriban mara 500 za kujazwa kikamilifu kabla hazijashuka sana. Kujaza nusu mara mbili huhesabiwa ni mara moja. Umri nao hula, hata kama haikuendeshwa. Ikiwa imebaki robo tatu ya uwezo wake, una wati-saa 375. Mlima wako unataka 300. Utafika, lakini taa ya mwisho ikikonyeza, na siku ya tope au ya mzigo wa ndizi hutafika.

Kwa hiyo mwanao akiendelea kutafuta, na aendelee, asiangalie rangi wala kilomita kwanza. Aende na muuzaji kwa fundi mwenye leseni ya mota hiyo, wachomeke kompyuta, watoe karatasi inayoonyesha betri imejazwa mara ngapi na imebaki na uwezo kiasi gani. Ujerumani karatasi hiyo haina shida kupatikana. Muuzaji anayekataa ameshajibu. Na kama ni baiskeli ya kuanzia 2022 yenye mfumo mpya unaounganishwa na simu, mwenye mali aifute kwenye akaunti yake mbele ya mwanao. Baiskeli iliyosajiliwa kwa jina la mtu wa Hamburg na kufungwa kwa simu yake, ikishafika Lushoto ni kilo 24 za mapambo.

Hapa ndipo nilipo na neno zito zaidi la kukwambia. Ukiuliza betri ikifa utafanyaje, jibu la kweli ni kwamba utaagiza nyingine, ile ile, kwa mamia ya yuro. Betri za bodaboda za umeme na za vifaa vya bei ndogo mafundi wetu huzifungua, hubadilisha seli, maisha yanaendelea. Hizi za Ulaya betri na mota husemezana, na betri ambayo mota haiitambui haiwashi kitu. Ndani yake kuna seli zilizopangwa kumi kumi kwa mfululizo, volti 36 kwa jina na 42 ikijaa, ambazo mtu mwenye mkono anaweza kuzibadilisha. Bodi inayozilinda ndiyo inayogoma. Kwa hiyo kwa huku kwetu, unaponunua baiskeli ya namna hii, umenunua betri iliyofungiwa baiskeli. Ilipe kwa umri wa betri.

Najua kuna atakayekushauri uachane na Ulaya, ununue ile mota ya Kichina ya kufunga kwenye gurudumu la nyuma, volti 48, yenye kidude cha kukandamiza kwa dole gumba. Kwa Dar sikatai. Kwa Tanga mjini, nzuri kabisa, na spea zake zinapatikana. Kwa milima yako, hapana. Mota ya kwenye gurudumu haitumii gia zako. Barabara ikisimama, inazunguka polepole huku ikivuta umeme mwingi, na umeme unaokosa mahali pa kwenda unageuka joto. Mteja wangu mmoja aliniletea yake baada ya kulazimisha kilima kwa dakika arobaini. Nilipofungua habu, zile gia tatu za plastiki za ndani zilikuwa zimelainika, meno yamelala upande mmoja kama sabuni iliyosahaulika kwenye beseni. Harufu yake ilikaa karakana siku mbili.

Mota ya kwenye krenki husukuma kupitia mnyororo, kwa hiyo ukiweka gia nyepesi nayo inapumua. Ndiyo unayoitaka. Tafuteni ya mwaka 2020 kuja juu. Mwaka huo Bosch walikuwa wameshabadilisha mota yao ya milimani, yenye uzito wa kilo 2.9 na, programu yake ikishasasishwa, nguvu ya kuzungusha ya nyutoni-mita 85, wakati ile ya 2018 ina 75 na karibu kilo 4. Shimano nao walitoa EP8 yao mwaka huo huo wa 2020, nyutoni-mita 85, kilo 2.6. Tofauti ya 75 na 85 utaisikia kidogo. Utakayoisikia zaidi ni pale mota inapokata msaada. Kwa sheria ya Ulaya inakata kwenye kilomita 25 kwa saa, na kwa ile ya kizamani ukipita hapo unahisi kama mtu kakushika kiti kwa nyuma. Mpya zinaachia bila kukuburuza. Kizuizi hicho cha 25 kuna watakaojitolea kukichokonoa. Kataa. Wewe unakitafuta kilima, na kilimani hakuna anayefika 25.

Betri ya 625 ikipatikana, chukua. Lakini mjue kwamba ile ya 625 ya kuingia ndani ya bomba ni ndefu kuliko ya 500, haiingii kwenye fremu iliyochongwa kwa 500. Mwanao asidhani atanunua fremu ya zamani halafu aongeze betri baadaye.

Halafu, na hapa najua vijana watanizomea, usinunue yenye shokapu ya nyuma. Chukua ya shokapu za mbele tu. Ni nyepesi kidogo, bei yake iko chini, na haina zile beringi kumi na kitu za kiungo cha nyuma ambazo tope jekundu la masika litazitafuna. Raha ya mgongo utaipata kwenye tairi pana, inchi 2.4 hadi 2.6, zisizojazwa mpaka zikawa jiwe. Kwa uzito wako anza na psi 22 mbele na 25 nyuma. Tairi zisizo na tyubu, zenye maji ya kuziba pancha ndani, ni neema kwenye nchi ya miiba. Ila maji hayo hukauka baada ya miezi michache, na bado lazima ubebe tyubu moja mkobani.

Breki sasa. Mwalimu, nitakaa hapa kidogo, kwa sababu watu hununua mota wakasahau breki.

Unakumbuka zile wati-saa 259 tulizolipa kupanda? Ukishuka Mombo zote zinadaiwa. Sehemu italiwa na upepo na tairi. Zinazobaki hazina pa kwenda isipokuwa kwenye diski mbili za chuma nyembamba kama kisu cha jikoni. Ni joto la kutosha kuchemsha maji ya chai zaidi ya lita moja. Kwa hiyo iwe na breki za diski za mafuta, pistoni nne mbele kama inawezekana, na diski ya mbele ya milimita 200 au 203. Unaposhuka usizishike mfululizo kwa kuogopa. Bana kwa nguvu kabla ya kona, punguza mwendo, achia zipoe, bana tena. Zote mbili, mbele na nyuma. Ukisikia mkono wa breki unaingia ndani zaidi kuliko kawaida, simama, kaa kando ya barabara, tazama bonde, zipoe zenyewe. Usizimwagie maji.

Kuna jambo ambalo muuzaji wa Ulaya hatalifikiria. Breki za Shimano hutumia mafuta ya madini, na za SRAM kwa muda mrefu zimetumia DOT, ingawa baadhi ya mpya zao nazo zimehamia mafuta ya madini. DOT 4 iko kila duka la spea za magari, hata Mombo stendi. Mafuta ya madini ya breki za baiskeli huyakuti huko. Hayabadilishani kabisa, ukichanganya mipira ya ndani inavimba na breki inakufa. Soma kilichoandikwa kwenye kifuniko cha mkono wa breki. Zikiwa za mafuta ya madini, mwanao aweke chupa mbili kwenye mzigo. Na kwa vyovyote alete jozi nne za pedi za breki za aina hiyo hiyo, minyororo miwili, kaseti moja (zile gia za gurudumu la nyuma), na sikio la derela, kile kipande kidogo cha aluminiamu kinachoshika kibadilisha gia. Kila fremu ina umbo lake la sikio, limetengenezwa livunjike ili fremu ipone, na likikuvunjikia huku halina mbadala.

Mnyororo utaisha upesi kuliko ulivyozoea, maana unavutwa na watu wawili, wewe na mota. Huhitaji kifaa cha kuupima. Chukua rula ya darasani ya chuma, ndefu kidogo. Pini moja hadi ya ishirini na nne mbele yake, mnyororo mpya una sentimita 30.48. Ukizidi hapo kwa milimita moja na nusu, toa. Ukichelewa, unanunua na kaseti.

Kuchaji ni jambo jepesi kuliko watu wanavyolihofia. Betri ya 500 ikiwa tupu inakula zaidi kidogo ya nusu yuniti ya LUKU, kwa saa nne au tano hivi. Chaja ya Ujerumani inakubali umeme wetu wa volti 230, badilisha plagi tu. Ichomeke kwenye kile kilinzi cha friji, si moja kwa moja ukutani, kwa sababu umeme ukikatika na kurudi huwa unarudi na hasira. Umeme wa jua pia unafaa, alimradi inveta iwe ya wimbi safi na iweze wati 300. Chaji ukiwa macho, juu ya sakafu ya saruji, mbali na godoro. Baridi ya Lushoto betri inaipenda. Kinachoiua ni kuachwa juani au ndani ya gari Mombo mchana.

Kuosha, ndoo na brashi. Mota hizi hunyeshewa mvua bila shida, ila zile mashine za presha za kuoshea magari zinasukuma maji mpaka kwenye beringi. Kijito kikifika juu ya krenki, shuka, sukuma, au rudi.

Kuendesha kwenyewe utajifunza kwa wiki moja, kwa kuwa mwili wako tayari unajua baiskeli. Yako mambo mawili ambayo ni mapya. Goti lako litafaidika tu ukizungusha pedali nyepesi na za haraka, mara 70 hadi 80 kwa dakika, hata kilimani. Mazoea ya zamani ya kukanyaga gia nzito huku umesimama yaache, yanaumiza goti na yanachemsha mota. Badilisha gia kabla kilima hakijakukamata, na sekunde ile unayobadilisha legeza mguu, la sivyo utasikia mlio kama mfupa wa kuku. Jipya la pili ni kuondoka kilimani. Msaada uwe wa chini kabisa, gia nyepesi, kaa mbele ya kiti, kifua karibu na usukani, pedali moja juu kidogo, breki zote zimeshikwa. Kanyaga, ndipo uachie breki. Ukiondoka na msaada wa juu, gurudumu la mbele litanyanyuka kabla hujajua kinachoendelea. Baadhi ya mota pia huendelea kusukuma kidogo baada ya mguu kuacha, kwa hiyo kwenye kona finyu uwe na kidole kwenye breki. Ukishindwa kabisa, kuna kitufe cha kuisaidia ijisukume ukitembea kando yake, hadi kilomita 6 kwa saa. Hakuna aibu kukitumia. Ukitaka kuzunguka ndani ya msitu wa Magamba, pitia kwanza ofisi ya TFS, wakala wa misitu.

Na atakayekwambia hizi ni baiskeli za wavivu, mjibu hivi: mwaka 2019 UCI, shirikisho la baiskeli la dunia, lilipofanya kwa mara ya kwanza mashindano ya dunia ya baiskeli za mlima za umeme, huko Mont-Sainte-Anne, Kanada, upande wa wanaume alishinda Mwafrika, Alan Hatherly wa Afrika Kusini. Huyo huyo mwaka 2024 akachukua shaba ya Olimpiki Paris kwa baiskeli isiyo na umeme, na ubingwa wa dunia juu yake.

Kabla mwanao hajarudi sokoni, nifanyie kipimo kimoja. Vua viatu, simama umeegemea ukuta, bana kitabu kigumu kati ya mapaja mpaka kiguse juu kabisa kama kiti cha baiskeli, mtu akupimie kutoka sakafuni hadi ukingo wa juu wa kitabu. Linganisheni na urefu wa bomba la juu la fremu kutoka ardhini, ambao muuzaji yeyote anaweza kuupima kwa futi. Bomba liwe chini ya kipimo chako kwa sentimita tano au zaidi. Nitumie namba zote mbili pamoja na picha ya ile karatasi ya betri, nami nitakujibu siku hiyo hiyo.